Uji wa Juu na Uji wa Chini

Kila siku saa nne asubuhi, kengele ilipogongwa, Paskazia alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Alikwenda moja kwa moja jikoni, nyuma ya kanisa, akafunga kanga kiunoni, akaosha upawa na kusimama kando ya sufuria kubwa la uji. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Mwalimu Dorotea alimchagua kugawa uji kwa sababu alikuwa msafi na hakuwa na mchezo kazini.

Ilikuwa mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Mvua ilikuwa imenyesha kupita kiasi, ziwa likapanda na kumeza nyumba za ufukweni. Familia za Wajita zilizoishi karibu na maji zilihamia huku juu Pasiansi, kwenye kiwanja cha kanisa. Ili wapate mahali pa kujenga vibanda, wazee wa kanisa waliwapa shamba la viazi lililokuwa kwenye kiwanja hicho, ambalo Shimba, baba yake Paskazia, alikuwa amelilima kwa miaka sita. Viazi viling'olewa kabla ya kukomaa. Tangu siku hiyo baba aliwaita wageni hao "watu waliotapikwa na ziwa," na Paskazia naye akawaita hivyo hivyo.

Unga wa uji ulisagwa kwa mawe, ukawa na chenga nyingi. Uji usipokorogwa, chenga zote zilishuka chini na juu yakabaki majimaji. Paskazia alilijua hilo. Watoto wa Pasiansi walipoleta vikombe, alizamisha upawa mpaka chini. Watoto wa vibandani walipofika, aliteka juu juu. Hakuna aliyemkataza, maana kila kikombe kilijaa.

Aliyegundua ni Perusi, msichana wa Kijita aliyesoma naye darasa moja. Siku hiyo alimshika mkono mdogo wake Masatu, mtoto wa miaka saba, akamsogeza mbele ya sufuria.

"Mpe wa chini," alisema.

"Uji ni mmoja," Paskazia alijibu.

"Basi koroga."

"Usinifundishe kazi. Kama hutaki, rudini ziwani."

Paskazia akateka juu juu vilevile. Perusi alichukua kikombe cha mdogo wake, akaumwaga uji taratibu juu ya jiwe. Ulitiririka wote kama maji ya kuoshea vyombo. Kisha akampokonya Ndalahwa, mvulana wa Pasiansi, kikombe chake na kukimwaga hapo hapo. Huo haukutiririka. Ulibaki juu ya jiwe kama tope. Watoto wote waliona.

Ndalahwa alimsukuma Perusi. Watoto wa vibandani wakamvamia Ndalahwa, na mara mawe yakaanza kuruka. Jiwe lililompata Masatu juu ya jicho lilitoka mkononi mwa Paskazia. Alikuwa amemlenga Perusi.

Mwalimu Dorotea alikuja mbio akawatenganisha. Alimwosha Masatu damu, akamfunga kitambaa, ndipo akamgeukia Paskazia.

"Ulikuwa unateka wapi?"

Paskazia alilitazama sufuria. "Juu, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Wamechukua shamba letu."

"Masatu ndiye aliyelichukua?"



Siku hiyo somo la hesabu halikufundishwa. Mwalimu aliwasimulia habari za Stefano. "Mnachokumbuka ni kwamba alipigwa mawe akafa," alisema. "Kazi yake ya kwanza mmeisahau. Katika kanisa la Yerusalemu, wajane waliosema Kigiriki walikuwa wakirukwa kila siku chakula kilipogawanywa. Wakanung'unika. Waumini wakachagua watu saba wa kusimamia chakula, Stefano akiwa mmoja wao, na wote saba walikuwa na majina ya Kigiriki. Kazi ilikabidhiwa watu wa upande ulioonewa."

Kisha akampa Perusi upawa.

Watoto wa Pasiansi walinung'unika. "Sasa watalipiza," Ndalahwa alimnong'oneza Paskazia. Kesho yake Paskazia alisimama wa mwisho kwenye mstari, akitamani kuondoka, lakini njaa ilimshika. Alipofika mbele hakuinua macho. Perusi alikoroga sufuria kwa mwiko, akazamisha upawa mpaka chini, akajaza kikombe. Ulikuwa mzito kama wa wengine wote.

"Mbona umenipa sawa?" Paskazia aliuliza.

"Nimepewa upawa, sikupewa fimbo," Perusi alijibu bila kutabasamu. "Lakini usidhani nimelisahau jicho la mdogo wangu."

Maneno hayo yalimuuma Paskazia kuliko viboko. Jioni, bila kumwambia baba yake, alikwenda vibandani. Mama yake Perusi alikuwa anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama kwanza. "Marahaba. Wewe ndiye uliyerusha jiwe?"

"Ndiyo, ni mimi. Nimekuja kumwomba Masatu msamaha. Hata uji nilimpunja."

Mama alimwita Masatu. Mtoto alikuja, kitambaa bado kichwani, akajificha nyuma ya mama yake. Paskazia alipiga magoti, akasema aliyokuja kusema. Mama alisema tu, "Sawa, nimesikia. Kawaambie na wenzako."

Aliwaambia, mbele ya darasa zima. Ndalahwa alicheka, lakini alicheka peke yake. Wiki iliyofuata Perusi mwenyewe alimwomba Mwalimu amrudishe Paskazia jikoni, kwa kuwa sufuria lilikuwa zito kwa mtu mmoja. Mmoja alikoroga, mwingine akateka. Hawakuwa marafiki bado, ila uji ulikuwa mmoja.

Mwalimu Dorotea alisimama mlangoni akiwatazama.

"Kumhudumia ndugu yako ni rahisi, hata asiyemjua Mungu anaweza," aliwaambia. "Huduma ya Mkristo inapimwa kwa yule ambaye ukimnyima, hakuna atakayekuuliza."