Jiko Lililougua Sikukuu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Dalgite alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata chembe. Alizoa samadi ya ng'ombe wao wawili, akaikoroga na maji kwenye ndoo, kisha akaimimina kwenye mdomo wa shimo la gesi nyuma ya nyumba. Ng'ombe hao walilala humohumo ndani ya nyumba, upande wa kushoto, kama ng'ombe wengine wa Wolaita, kusini mwa Ethiopia. Harufu yao ilimfuata Dalgite mpaka darasani.

"Fanya upesi, binti yangu," mama yake, Aberash, alimhimiza. "Shimo lisipokula, na sisi hatuli."

Ilikuwa kweli. Tangu shimo lijengwe, mama alifungua tu koki ya gesi itokayo shimoni, akawasha kiberiti, na moto wa buluu ukachemsha kahawa bila moshi. Bibi, ambaye macho yake yaliumizwa na kuni miaka nenda miaka rudi, sasa aliketi jikoni akipiga soga bila kutokwa machozi.

Sikukuu ya Gifaata, mwaka mpya wa Wawolaita, ilipokaribia, darasa la tano, alimosoma Dalgite, lilikuwa likijifunza nishati isiyokwisha: jua, upepo, maji na samadi.

"Ya kitabuni yanatosha," alisema Mwalimu Anjulo. "Ijumaa twende kwa akina Dalgite tukauone moto wenyewe. Mama yake ameahidi kutupikia kahawa."

Markos, aliyeketi dawati la nyuma, akaziba pua. "Kahawa ya mavi! Mimi nitainywa kwa macho."

Darasa zima likaangua kicheko. Dalgite alitamani ardhi ipasuke immeze.

Gifaata haipokelewi katika nyumba chafu. Watu husugua mpaka uvunguni. Kwa hiyo Jumatatu, mama alipokwenda sokoni, hakuna aliyeshangaa kumwona Dalgite na ufagio. Lakini yeye alisafisha kwa hasira. Alimwaga pakiti nzima ya sabuni ya unga upande wa ng'ombe, akaongeza dawa ya chooni, akasugua mpaka mikono ikauma. Maji yote yale akayasukuma kulekule inakokwenda samadi kila siku, mdomoni mwa shimo.

Bibi alinusanusa, akacheka. "Makubwa! Leo ng'ombe wanaolewa?"

Jumatano moto ulipungua. Alhamisi, Mwalimu Anjulo alieleza jambo ambalo Dalgite hakulijua. "Ndani ya shimo mna vijidudu hai visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyokula samadi na kutoa gesi."

Kalamu ya Dalgite ikasimama. Vijidudu hai! Na yeye amevinywesha sabuni na dawa. Alitaka kusema, lakini akamkumbuka Markos nyuma yake. Akainamia daftari, akiomba moto urudi wenyewe.

Haukurudi. Ijumaa mama alipofungua koki, haikutoa kitu. Akawasha kiberiti mara ya kwanza, mara ya pili, wapi!

"Fundi yule aliyetujengea shimo ametutapeli!" mama akafoka. Akavuta kuni zilizosahaulika nyuma ya nyumba, akawasha moto wa mafiga. Moshi ukatanda. Bibi akaanza kukohoa, akifuta macho kwa pindo la shuka lake.

Wanafunzi na mwalimu wao wakaingia wakati uleule.

"Kumbe moto wenyewe ni wa kuni!" Markos akasema, na wenzake wakacheka.

"Nisamehe, Mwalimu," mama alisema kwa uchungu. "Shimo hili ni bovu. Baada ya sikukuu nitalifukia, nirudi zangu kwenye kuni."

Dalgite alimtazama Bibi. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakulalamika, alisogeza tu kigoda chake karibu na mlango. Dalgite akashindwa kuvumilia.

"Si fundi, mama. Ni mimi. Niliosha kwa sabuni na dawa ya chooni, nikasukumia maji shimoni. Nimeviua vijidudu vinavyotoa gesi."

"Pakiti nzima?"

"Nzima."

"Mtoto wewe!"

"Subiri, Aberash," Bibi akaingilia. "Mjukuu wangu, ulitaka nini hasa?"

"Nilitaka wasininyooshee kidole kwamba kwetu kunanuka." Akaanza kulia.

Markos akainamisha kichwa.

"Basi somo la leo limekuwa zito kuliko nililoandaa," alisema Mwalimu Anjulo. "Shimo hili si bovu, Mama Dalgite, linaumwa. Tutachota tope lenye sabuni, tutie samadi mbichi, na tuombe ndoo chache za tope lenye vijidudu hai kutoka shimo la gesi la kijiji cha pili, ili vizaliane upya. Ila tuwe na subira."

"Kwetu tuna ng'ombe wanne," Markos akasema taratibu. "Nitaleta samadi."

Chakula cha Gifaata kilipikwa kwa kuni mwaka ule. Dalgite ndiye aliyepuliza moto, macho yakimwasha, ili Bibi akae nje kwenye hewa safi. Wiki zikapita, na kila alasiri Markos alifika na ndoo yake.

Hatimaye, asubuhi moja, mama alifungua koki na moto wa buluu ukachanua. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Jumamosi hiyo darasa la tano likaalikwa tena. Markos alimaliza kikombe chake, akaomba kingine.

"Nilidhani unakunywa kwa macho!" Dalgite akamchokoza, na Markos mwenyewe akacheka.

Bibi aliketi katikati yao, macho makavu. "Sikilizeni, wajukuu zangu," alisema. "Kuni ukishazichoma zimekwisha, na mlima unabaki mtupu. Moto huu ni kama ng'ombe, ukiulisha vizuri haukwishi. Lakini ng'ombe akiugua hawezi kusema alikula nini. Lazima aseme yule aliyemlisha. Dalgite asingesema, leo shimo lingekuwa limefukiwa, na mimi ningekuwa pale mlangoni, nalia."