Kutu ya Mahoro

Skrini haina harufu. Mudathiru alilijua hilo kuliko watu wengi wa Kamembe, maana kazi ya kuandika mabango alijifunza mwenyewe, kwa kuikodolea kompyuta macho mpaka yakauma. Kwa hiyo alipoisikia harufu ya kutu mbichi, ile ya bati lililonyeshewa, aliinuka kwanza kukagua mlango wa duka. Mlango ulikuwa wa mbao. Dirisha, alumini. Akarudi kitini, na harufu ikawa nzito zaidi pale pale usoni pa kompyuta, mbele ya neno moja: MAHORO.

Neno lilikuwa zuri, hilo hakubishana nalo. Herufi zilionekana zimekatwa kwenye chuma kinene, kisha zikaachwa nje mpaka mvua ikazila.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Jean-Paul, fundi magari wa njia ya Bugarama, aliyetaka jina la gereji yake lionekane hivyo.

"Nataka muntu akipita aseme huyu yuko hapa tangu zamani," alisema.

"Umefungua mwezi uliopita, Papa."

"Njo sababu nimekuja kwako."

Mwingine angechukua picha ya kutu kwenye mtandao akamaliza. Mudathiru aliuita huo wizi. Alipanda pikipiki mpaka Nkanka, ambako kando ya ziwa kuna karakana ya sabuni iliyoachwa, mlango wake umezibwa kwa bamba la chuma. Bamba lilikuwa na kila alichotaka: wekundu, weusi, magamba yanayobanduka kama ngozi ya mgonjwa. Akalipiga picha. Hakuligusa.

Dukani akaitandaza ile picha juu ya herufi na kuibana ndani yake, akaweka kivuli chini na mwanga juu mpaka kingo zikainuka, kisha akazikwangua pembe ili zionekane zimeliwa. Kilichomkera ni misumari. Bamba lilikuwa limegongewa misumari minne mikubwa, na kila alipoitandaza picha, misumari ikajirudia kwenye herufi kama chunusi. Akashika ile zana ya kunakili, akachota kutu safi ya pembeni na kuipaka juu ya msumari mmoja, kisha wa pili, mpaka yote ikafutika na bamba likabaki halina kinacholishika. Akahifadhi juu ya picha ya awali, na ile ya kwenye simu akaifuta apate nafasi. Tabia mbaya, na aliijua. Lakini hasira zake hazikuwa na subira ya kupanga mafaili.

Kwa majaribio alihitaji neno lenye miguu iliyonyooka na miduara, maana mguu huonyesha kingo na mduara huonyesha mng'ao. Likamjia jina la mtoto wake, ndilo hilo Mahoro, yaani amani. Nasiba, mkewe, alikuwa amejifungua juzi tu. Adhana mtoto alisomewa pale pale alipozaliwa, ila jina lilikuwa linangoja siku ya saba kama ilivyo desturi, achinjwe mbuzi, kichwa kinyolewe, ndipo litamkwe mbele ya watu. Mpaka siku hiyo walilijua wao wawili tu. Hawakuwa wamemwita hata wenyewe.

Mudathiru akaliandika, akalichapa, akalibandika kwenye ubao mwepesi na kuutundika nyumbani juu ya kitanda cha mtoto.

Nasiba aliutazama ubao akiwa amemfunika mtoto kifuani. "Toa," alisema.

"Ni maandishi tu, maman."

"Bado hatujamuita. Unamuandikia jina ukutani kama muntu amekufa? Toa."

"Nimekesha macho kwenye ile kazi, na wewe unaniletea mambo ya banyanya ba zamani." Akatoka, akaubamiza mlango. Mtoto hakushtuka.

Hilo la kutoshtuka hawakulitilia maanani. Walilitilia maanani lilipokuja la kutolia. Mtoto aliacha kulia njaa, akaacha kulia baridi, akawa analala macho wazi ameyaelekeza kwenye ubao. Nasiba alimwekea titi mdomoni, maziwa yakatoka pembeni kama maji kwenye kikombe kilichojaa. Majirani walimsifu, eti mtoto mpole.

Mudathiru naye alishika kikombe cha chai ya moto asubuhi, akainywa, akashangaa Nasiba anamnyang'anya kikombe. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka. Yeye hakuwa amesikia moto wala maumivu.

"Mudathiru," Nasiba alimwita kwa sauti ya chini, kama anaogopa kuna mwingine ataitika. "Mkono yako inanuka kutu."

Walimpeleka mtoto kituo cha afya. Muuguzi, Maman Vénantie, mama mcheshi aliyezoea watoto kumpigia kelele, alimchoma kisiginoni apate tone la damu. Akangoja kilio. Akachoma tena.

"Huyu hajui kama iko na miguu?" alisema, na utani ukamfia mdomoni, maana mtoto alikuwa amegeuza shingo, shingo ambayo kwa umri wake haikupaswa kugeuka hivyo, akaangalia ukutani, upande wa nyumbani kwao, kama mtu aliyeitwa.

Vipimo havikuonyesha ugonjwa. Mtoto alikuwa anapungua uzito tu. Vénantie aliwaambia kwa upole kwamba asiponyonya, hatafika mbali.

Waliporudi, Mudathiru aliung'oa ubao. Nyuma yake, kwenye chokaa aliyoipaka mwenyewe kabla ya mtoto kuzaliwa, neno lilikuwa limeshaota, MAHORO, jekundu, lenye unyevu, na alipolifuta kwa kitambaa kitambaa kikachanika kana kwamba kimepitishwa kwenye bati, na chini ya ule wekundu kulikuwa na wekundu mwingine, na ukuta wenyewe ulipobonyezwa ulilia ile sauti ya bamba likipoa baada ya jua, tik, tik, taratibu, huku mtoto kitandani akifungua na kufunga mdomo kwa kufuatisha, bila kutoa sauti yoyote. Mudathiru alijua kwamba angepaswa kuogopa. Alikitafuta kile kitu kifuani akakikosa, mahali pake palikuwa baridi na kimya, kama vidole.

Akaenda dukani kuirudisha ile misumari, maana harufu ilikuja baada ya kuifuta. Picha yenye misumari haikuwepo tena, alihifadhi nyingine juu yake. Akapanda pikipiki kwenda Nkanka kupiga nyingine.

Bamba lilikuwa linang'aa. Halikuwa na doa, jipya kama limetoka dukani leo, na limeanguka kwenye majani. Chini yake kulikuwa na misumari minne, imenyooka, haikung'olewa na mtu. Pembeni mwa bamba, mahali kutu ilipokuwa imefunika, paliandikwa kwa ulehemu jina la fundi: Birindwa.

Mzee Birindwa alikuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma nyuma ya soko, mtu wa Bukavu aliyevuka mto zamani akabaki. Mudathiru aliiweka misumari mezani pake bila salamu.

Mzee alizima moto wake. "Uling'oa wapi hii?"

"Sikung'oa. Nilipiga picha, nikaifuta kwenye picha."

"Mule balikuwa banapika sabuni," Birindwa alisema. "Muntu anashika pipa ya moto, anacheka na benzake, nyama yake inanuka, yeye hajui. Kulikuwa kitu. Hakiuwi kwa nguvu. Kinakula ile kusikia yako, mpaka unasahau kula, unasahau kupumua. Mimi ni mkristo, mambo ya majini ni yenu, lakini chuma ni yangu. Maalimu wenu alisomea misumari, mi nikagonga. Bamba haikuzuia kitu. Misumari njo ilizuia."

"Basi tugonge tena."

"Wapi? Hakiko kule tena. Uliiandika nini na ile kutu?"

Mudathiru akamwambia. Mzee aliipanga misumari minne kwa mstari.

"Mutoto alikuwa ameshaitwa?"

"Bado. Kesho njo siku ya saba."

"Donc, basi uliipatia ile kitu jina kwanza, kabla ya mutoto. Ile jina ni yake sasa, papa. Huwezi kuinyang'anya. Tafutia mutoto yako ingine, na saa anaitwa tunakigongea kwenye ule ubao."

Nasiba hakulia alipoambiwa. Alisema tu, "Nilikuambia utoe," kisha akakaa akifikiri, na kabla ya usingizi akamnong'oneza mumewe jina jingine sikioni.

Siku ya saba mbuzi alichinjwa uani, Nasiba akasimama katikati ya watu na mtoto mikononi, kichwa kimenyolewa, chepesi kama yai. Nyuma ya nyumba Birindwa aliulaza ule ubao juu ya bamba nene la chuma. Mudathiru alishika msumari, mzee akashika nyundo. Imamu alipolitamka jina, Kamikazi, mzee akagonga. Msumari wa kwanza ulipoingia, harufu ilipanda hadi watu wakafunika pua. Wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne nyundo iliteleza ikampata Mudathiru kidoleni, kucha ikapasuka, na yeye akaendelea kuushika msumari ukiwa wima.

"Pole," mzee alisema.

"Gonga."

Akagonga. Uani mtoto akalia. Kilio kikubwa, cha hasira, cha mtu aliyekuwa na madai mengi. Nasiba akaketi chini hapo hapo na kumnyonyesha mbele ya wageni wote.

Mudathiru na mzee waliupeleka ubao na bamba lake Nkanka, wakaziba mlango wa karakana. Wakarudi kila mtu na lake; lile neno lililoota ukutani hakuna aliyeligongea msumari.

Kamikazi alinenepa. Mudathiru alimaliza kazi ya gereji kwa rangi ya kawaida, Jean-Paul akanung'unika, akajibiwa vibaya, yakaisha. Ila vidole havikurudi. Alijifunza kupima maji ya mtoto kwa kiwiko, baadaye kiwiko nacho kikafa, ikawa Nasiba ndiye anayepima. Alipombeba binti yake, alijua amembeba kwa kuangalia.

Mchana mmoja wa mvua Jean-Paul alipita dukani, akapangusa viatu mlangoni.

"Ulipata mugeni wako?" aliuliza. "Kale katoto ka kike. Kalikuja gereji, kanatembea peku kwenye mvua. Kanasema kanatafuta papa yake, ule anaandikaka majina. Nikakaonyesha njia."

"Wangu hajaanza hata kukaa," Mudathiru alisema.

"Hako kanatembea muzuri. Kaliacha tu nyayo nyekundu kwenye sakafu yangu ya sima, nimesugua haitoki. Kanaitwa Mahoro."

Jean-Paul akaaga, akakimbilia pikipiki. Mudathiru alibaki ameketi, mkono wake uliokufa umening'inia pembeni mwa kiti, mvua inapiga, skrini mbele yake nyeupe haina kitu. Harufu ilikuja kwanza.

Kisha mkono mdogo, baridi, wenye magamba, ukaingia ndani ya wake na kuubana, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chai, Mudathiru akasikia.