Koni Mbili za Mbali

Barabara yetu ni fupi, kilomita saba tu, kutoka barabara kuu ya magari ya kasi hadi hoteli za ufukweni. Ni mali ya serikali, lakini nyumbani tuliiita barabara ya Baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeziba mashimo yake. Kila asubuhi alikunywa chai amesimama, akafunga kamba za viatu vyake vilivyojaa lami, akaondoka.

Jumamosi moja alilichimbua na kulisafisha shimo moja bovu la barabarani ili alizibe Jumatatu. Akaweka koni nyekundu sita za plastiki: nne zililizunguka shimo, mbili alizipeleka hatua sitini kuelekea barabara kuu.

Jioni hiyo sisi wasichana wa darasa la sita tulikuwa na mechi, na hatukuwa na nguzo za goli. Nikazikumbuka zile mbili. Mbali kote kule, zinalinda nini? Nikazibeba moja juu ya nyingine kichwani, wenzangu wakaniita Bibi Koni. Tulishinda mabao matatu, na kwa furaha nikasahau kuzirudisha.

Jumapili alfajiri shangazi yangu, dada wa Baba, alikuwa kwenye baiskeli akienda kufua mashuka hotelini. Gari lilitoka barabara kuu kwa kasi, dereva akaliona shimo dakika ya mwisho, akalikwepa, akamgonga shangazi. Mguu wake ulivunjika sehemu mbili.

"Koni za mbele hukuweka?" msimamizi wake wa kazi alimuuliza Baba.

"Niliweka, bosi."

"Ziko wapi basi?"

Baba alizitafuta kandokando ya barabara, hakuziona. Akasimamishwa kazi. Usiku huo nilimsikia akimwambia Mama, "Labda nimezeeka. Labda kweli nilisahau, nikamvunja dada yangu mwenyewe."

Nilinyamaza siku tatu, na siku hizo naziona aibu mpaka leo. Siku ya nne nilizitoa koni nyuma ya banda la kuku nilikokuwa nimezificha, nikaziweka miguuni pa Baba.

Aliziinua, akazifuta vumbi. "Gari likitoka barabara kuu bado lina wazimu wa mbio," akasema. "Hizi za mbali ndizo zinazompa dereva nafasi ya kupunguza mwendo." Kisha akaniuliza, "Ulijua siku zote hizi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Tukaenda kwa msimamizi, nikasema yote mwenyewe. Baba akarudishwa kazini siku ileile.

Shangazi hakurudi kazini kwake. Mguu ulipona ukiwa mfupi, na hoteli ikachukua mfuaji mwingine. Nilipiga magoti kumwomba msamaha.

"Kuzichukua ulikuwa utoto, mwanangu, na utoto nimekusamehe," akasema. "Lakini ulimwacha kaka yangu ajione mzembe, na ukweli ulikuwa nao wewe. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako."

Kisha akanyoosha mkono nimpe fimbo yake ya kutembelea.