Dramu Iliyogoma

Fundi cherehani hakukubali kushindwa na kitu chenye skrubu. Redio ilipopoteza sauti, aliifungua mwenyewe, na tangu siku hiyo haijasema neno. Mke wake, msusi wa nywele, alishamzoea.

Nje ya nyumba yao lilikaa gari kuukuu, lililowazidi umri wote wawili. Lilikuwa la marehemu baba mkwe. Mama mkwe aliwaazima tu. Wiki hii gari lilianza kulia kila breki ilipokanyagwa, na mama mkwe akasikia.

"Nakuja Jumamosi," alisema. "Nikikuta gari la marehemu bado linalia, nampa shemeji yako."

Fundi aliumia moyoni. Alilipenda gari lile, alilifuta vumbi kila asubuhi. Shemeji huyo hata mkokoteni alishaugonga ukutani.

Alhamisi fundi aliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu la nyuma. Akaiona dramu, lile sufuria zito la chuma linalofunika breki.

"Mke wangu, ingia ndani, kanyaga breki," alisema. "Gari lisije likatembea. Na breki ya mkono uivute."

"Nikanyage mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

Fundi akavuta dramu. Haikutikisika. Akaigonga kwa nyundo, akavuta tena huku amekaza miguu. Jasho likamtoka.

"Kanyaga zaidi," alisema. Mke akakanyaga zaidi.

Jirani yao akaja kuchukua gauni lake. Mama huyu alitengeneza malori miaka thelathini, na mtaa mzima ulimwita Bibi Spana. Alisimama akatazama.

"Shikamoo, Bibi Spana. Dramu hii imeshika kutu."

"Marahaba. Na mkeo anafanya nini humo ndani?"

"Ananisaidia. Amekanyaga breki."

Bibi Spana alikaa juu ya ndoo, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Jirani, mle ndani mna vipande viwili vya chuma vilivyopinda. Breki ikikanyagwa, vinatanuka na kuibana dramu. Wewe unavuta, mkeo anazuia. Na anayeshinda ni mkeo."

"Basi nitoe mguu?" mke aliuliza dirishani. "Umeshakufa ganzi."

"Toa, ushuke. Fundi, rudisha gurudumu, teremsha gari, tuanze upya."

Waliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Bibi Spana akaleta stendi ya chuma kutoka kwake.

"Mawe ndiyo yanayozuia gari kutembea," alisema. "Na jeki peke yake usiiamini. Inua gari, likae juu ya stendi, kisha utoe gurudumu. Sasa shusha breki ya mkono."

Fundi akashusha. Bibi Spana akamwonyesha skrubu iliyo nyuma ya breki, inayoitwa ajasta.

"Legeza hii, vyuma vya ndani viachie. Na kile kiskrubu cha usoni mwa dramu umekitoa?"

"Kiskrubu kipi?"

Mke aliangalia pembeni asicheke. Kiskrubu kilikuwa mbele ya pua ya mumewe tangu asubuhi.

Wakakitoa. Wakatia mafuta ya kulegeza kutu, wakanywa chai. Kisha fundi aligonga dramu polepole kwa kipande cha mbao, huku anaizungusha. Ikatoka ghafla, naye akakaa chini nayo mapajani. Akainama apulize vumbi. Bibi Spana akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usipulize. Vumbi la breki za zamani linaweza kuharibu mapafu. Funga pua na mdomo, ufute kwa kitambaa kilicholowa. Na dramu ikiwa nje, mtu asikanyage breki. Mafuta yake yatamwagika."

"Mimi simkanyagii mtu breki tena maisha yangu," alisema mke.

Tabaka gumu lililofunika vile vyuma viwili lilikuwa limelika lote, chuma kikisugua chuma. Ndiyo maana gari lililia. Walinunua vyuma vipya, wakabadilisha pande zote mbili kwa pamoja. Bibi Spana akakagua, akakaza ajasta, nao wakajaribu gari polepole uani.

Jumamosi mama mkwe alipanda gari, mke naye akakaa nyuma. Fundi akateremka nalo mlima, akakanyaga breki. Gari lilisimama kimya.

"Nani ametengeneza?" mama mkwe aliuliza.

Fundi alitamani sana kusema ni yeye. Akamtazama mkewe, akashindwa.

"Bibi Spana ndiye aliyetufundisha, mama. Mimi nilikuwa navuta dramu, na mwanao nimemkalisha ndani akanyage breki."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Marehemu naye alinikalisha kwenye kiti hicho hicho," alisema. "Kutwa nzima nakanyaga, yeye anavuta. Akaniapisha nisimwambie mtu."

Akafungua mkoba, akatoa kadi ya gari, akamkabidhi binti yake.

"Chukueni, ni lenu. Shemeji nitaongea naye mwenyewe."