Mhuri wa Saa Nne

Jumanne, saa tano kasoro dakika ishirini asubuhi, Mama Laini aliingia sebuleni kwake akakuta kompyuta imevuliwa mfuniko, na mahali pa diski pana shimo. Ukelele alioupiga ulimtoa kitandani mpangaji wake, nesi wa zamu ya usiku, akiwa bado na pamba masikioni.

"Wameniua! Miaka thelathini na moja, wameniua!"

Wala hakutia chumvi sana. Diski ile ndiyo iliyobeba ubao wake. Ubao, kwa asiyeujua, ni kompyuta iliyofungwa kwenye waya wa simu ya mezani. Unaipigia kwa kompyuta yako, modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, unasoma barua za wenzako, unaacha yako, unakata ili mwingine naye aingie. Mama Laini, fundi mitambo mstaafu wa shirika la simu, aliuanzisha watu wakiwa hawajui intaneti ni mdudu gani. Walipoijua, alikataa katakata kuufunga.

Mezani palikuwa na bisibisi. Mwenye nayo alimjua: mchumba wa binti yake, fundi wa simu za mkononi, aliyekuja asubuhi ile kutengeneza swichi ya taa. Tena ni yeye aliyesema wiki iliyopita, huku akicheka, "Mama, mashine hii mahali pake ni makumbusho."

Saa sita hukumu ikatoka. "Harusi ya Jumamosi haipo. Siozeshi binti yangu kwa mwizi."

Binti hakubishana. Alitoka uani, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akampigia shangazi yake.

Shangazi huyo, dada wa marehemu baba yake, alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni kwa miaka ishirini na sita. Abiria walimwita Jicho. Saa tisa alasiri alishafika, kijitabu mkononi.

"Wifi yangu," alimwambia Mama Laini, "nyumba nzima haina intaneti, wifi ni mimi tu, na bado hunitumii?"

"Sina mzaha leo."

"Na mimi sina. Mlango umevunjwa?"

"Haukuguswa. Ufunguo wa akiba uko chini ya ndoo ya uani."

"Nani anajua?"

"Sisi wa hapa. Na wageni wa siku nyingi."

Jicho alianza na nesi. "Nasikia modemu inakukera."

"Inaniudhi mpaka basi! Nikirudi zamu naziba masikio, sisikii hata radi. Lakini shangazi, mimi nikitaka kuinyamazisha nakata waya kwa mkasi. Bisibisi ya nini?"

Jicho aliona hapo pana hoja. Akamwita mchumba, aliyesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Ulitoka humu saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo. Saa nne nilikuwa dukani, na sikunyanyuka hadi adhuhuri."

"Bosi wako ataapa?"

"Bosi wangu huandika hata tukienda msalani."

"Na bisibisi?"

"Sanduku langu la zana nililiacha pale chini ya dirisha, wazi. Shangazi, mimi si mwizi. Hata kama mama hanitaki."

Jicho alimpigia bosi, na bosi akaapa. Basi akaandika swali moja tu kwenye kijitabu: diski ilitoka kabla ya saa nne kasorobo, au baada? Ikiwa kabla, kijana kaumia. Ikiwa baada, harusi ipo.

Jibu lilikuja na miguu yake Jumatano, saa tano asubuhi. Alikuwa Mwalimu, mstaafu mwenye tai na mkoba, rafiki wa Mama Laini wa miaka yote hiyo, kutoka mji ulio mwendo wa saa tatu kwa basi. Jioni iliyotangulia Mama Laini alikuwa amempigia simu nyumbani kwake na kumsimulia kila kitu.

"Na yeye ana ubao," Mama Laini alimweleza wifi yake. "Mbao zetu ni tatu, wangu wa kwanza, wake wa pili, wa tatu ni wa Daktari wa Meno kule milimani. Kila siku saa nne ubao wangu unaupigia wa Mwalimu na kuukabidhi barua mpya. Saa nne u nusu wa Mwalimu unaupigia wa Daktari. Na kila ubao barua inapopita, unaigonga mhuri, namba yake na saa."

"Anayepiga simu ni nani?"

"Mashine zenyewe. Hata tukiwa tumelala."

"Kumbe kama tiketi! Kila kituo na tundu lake."

"Kama tiketi hasa."

Mwalimu alikohoa. "Inaniuma kusema, ila jana saa nne nilikuwa mbele ya mashine yangu, kikombe cha chai mkononi. Nikangoja. Simu haikulia. Nikajua huku kuna jambo." Akamtupia mchumba jicho la huruma. "Saa nne diski ilikuwa imeshaondoka."

"Umesikia?" Mama Laini alimgeukia kijana. "Umesikia?"

Binti aliangua kilio. Mkaguzi hasomi tundu moja akashuka. Jicho alinyanyua simu ya mezani, akaweka sauti wazi, akampigia Daktari wa Meno na kumweleza wizi ule.

"Poleni jamani!" Daktari alinguruma. "Na umwambie Mama Laini asione haya. Gauni humbana kila mtu!"

Mama Laini aliruka kitini. "Nani kamwambia? Mbona sikumwambia mtu! Gauni la harusi nililijaribu jana saa tatu, zipu ikagoma. Nikaandika ubaoni kidogo nijicheke mwenyewe, nikatoka kwenda kwa fundi cherehani. Barua hiyo si iliibwa pamoja na diski?"

Jicho alihisi damu inamchemka, kama enzi zile akishika tiketi ya jana mkononi mwa abiria wa leo.

"Daktari, barua hiyo unayo? Nisomee mihuri."

"Ngoja nivae miwani. Ubao wa kwanza, jana, saa tatu na dakika thelathini na mbili. Wa pili, saa nne na dakika moja. Wangu, saa nne na thelathini na moja."

Jicho alikata simu, akavuta kiti hadi magoti yake yakakaribia kugusana na ya Mwalimu.

"Hebu rudia, kaka. Jana saa nne simu haikulia?"

"Haikulia."

"Basi barua ya gauni ilifikaje kwako saa nne na dakika moja, ikatoka kwako saa nne na nusu?"

"Labda... saa za mashine zimekosea."

"Saa zikosee, sawa. Lakini barua haitoki kwenye diski ambayo haipo. Saa nne diski ilikuwa hapa, na kijana huyu alikuwa dukani. Na wewe, ungekuwa umekaa pale na chai yako, ungeisikia simu. Hukuwapo. Mashine yako ilifanya kazi bila wewe, kama siku zote, nawe kwa haraka ya kumtwisha mtoto wa watu mzigo ukasahau."

"Unanivunjia heshima!"

"Tumuulize mkeo."

Kabla Mwalimu hajanyanyuka, simu ya nyumbani kwake ilishaita na kupokelewa. "Shemeji," Jicho alisema kwa upole, "jana Mwalimu alikuwapo nyumbani asubuhi?"

"Jana? Si alitoka alfajiri kuja huko kwenu! Tena mwambieni ile diski mliyompa aitengeneze ameisahau juu ya kabati."

"Ee Mungu wangu," alisema Mama Laini taratibu.

Mwalimu alivua miwani. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Makumbusho wanafungua maonyesho ya mtandao wetu mwezi ujao. Niliwaambia barua ya kwanza niliiandika mimi. Gazeti likaandika, wajukuu wakalikata wakalibandika ukutani. Halafu wakaniomba barua zenyewe." Alimtazama Mama Laini. "Za kwangu nilishazifuta. Zilibaki zako tu."

"Barua ya kwanza niliiandika mimi, na nakumbuka jibu lako. 'Imefika. Nifundishe na mimi.'"

"Juzi uliandika kwamba jana asubuhi utakwenda kwa fundi cherehani. Nikaja, nikakuta sanduku la zana liko wazi." Alianza kulia. "Nilikaa nayo jioni nzima nikashindwa kuiharibu. Ujana wangu wote umo humo."

"Ulikuwa radhi uharibu wa mwanangu," alisema Mama Laini. "Kesho utawaambia makumbusho mwenyewe, kwa mdomo wako. Usiponiheshimu kwa hilo, polisi watakuheshimu."

Mchumba ndiye aliyefuatana naye kwenda kuichukua diski, na Ijumaa saa tatu ndiye aliyeirudisha mahali pake, kwa bisibisi ileile. Mama Laini alikaa akaandika ubaoni, akamgeuzia kioo cha kompyuta asome.

"Mwanangu, nilikuita mwizi na hukuwa mwizi. Nisamehe. Harusi ni kesho, palepale."

Kijana alisoma mara mbili. "Mama, si ungeniambia tu, nimekaa hapa?"

"Neno la mdomo ningelikana siku tukigombana. Nakujua, na mimi najijua. Hili litagongwa mihuri mitatu."

Saa nne kamili modemu ililia, na nesi akapiga ukuta kwa ngumi. Saa nne na dakika thelathini na mbili simu ya mezani iliita.

"Imefika!" alinguruma Daktari wa Meno. "Mihuri yote mitatu, hongereni! Vipi, gauni limefunga?"

"Limefunga," alisema Mama Laini huku machozi yakimtiririka, akampa mkwewe simu aongee.