Kahawa Isiyomwagika

Yeslam, mjomba wa jirani yetu, hakuwa mtu wa kuzua mambo. Alikuwa dereva enzi zile motakaa za Mombasa zingali za kuhesabika, na siku hiyo baada ya alasiri alikuwa na kazi nyepesi tu: kujaribu gari jipya la fundi Badruddin. Fundi alikuwa ameliundia bodi ya fahari, kiti kipana na mapazia ya hariri, lipandwe na maharusi wa matajiri. Kasoro yake ilikuwa moja. Lilirusha watu. Kila walipolijaribu, kikombe cha kahawa walichokiweka nyuma kilimwagika kabla hawajafika Liwatoni.

"Nimebadilisha sakafu," alisema Badruddin, kifua mbele. "Leo tumpate mwanamke aketi nyuma, atupe neno lake."

Yeslam akapitia kwake Bondeni kumchukua mkewe, Hafswa. Alimpenda mke huyo hadi watu wakamtania barazani. Hafswa akapanda na buibui lake, akicheka, kikombe cha kahawa kikiwekwa kando yake kimejaa. Yeslam akashika usukani upande wa kulia, Badruddin kando yake.

Gari likaenda vizuri. Vizuri mno. Mashimo yalipita chini bila kusikika. Liliyumba kidogo tu, polepole, huku na huku. Yeslam akatabasamu.

Kisha wanaume waliokuwa barazani wakasimama. Mmoja akaacha kikombe chake, akaanza kulifuata gari. Wa pili naye. Wa tatu.

"Mbona watufuata?" alinong'ona Yeslam.

Badruddin alikuwa amesawajika. "Zile mbao za sakafu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilizitoa nyuma ya msikiti. Ni za jeneza la zamani. Nilidhani mbao ni mbao."

Mali ya wakfu, jamani! Na miaka yote jeneza lile lilizoea safari moja tu.

Yeslam akakata kona ya Liwatoni. Gari halikumfuata, likashika njia ya makaburini. Akakanyaga breki. Halikusimama. Bega lake la kushoto likaanza kuuma.

"Hafswa! Shuka!"

Akageuka. Mkewe alikuwa amelala chali, mikono ubavuni, mato yamefumba. Kahawa ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

"Natukuliwa vyema," alinong'ona Hafswa, kama abebwaye asiyetaka kushushwa. "Niwateni."

Yeslam akauachia usukani. Akarukia nyuma, akamkumbata, akajitupa naye nje. Gari likaenda lenyewe hadi lango la makaburi, likasimama. Badruddin akashuka. Wale waliofuata wakabaki kuulizana nini kimewaleta.

Hafswa akafumbua mato, akaomba maji. Yeslam akalia mbele za watu, bila haya.

Walirudi kwa miguu, njia ileile. Vumbini hapakuwa na alama za magurudumu. Palikuwa na nyayo, safu mbili, zimedidimia kama za watu waliobeba mzigo. Zilianzia mlangoni kwao, pale Hafswa alipopanda.

Zote zilikuwa za miguu mitupu, isipokuwa za mbele, upande wa kulia. Hizo zilikuwa za makubadhi, zikaendelea mpaka pale Yeslam aliporuka. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka.

Yeslam akavua kubadhi lake la kushoto, akaligeuza. Kiraka kile alikishona mwenyewe.