Kikwembe cha Watatu

Mama Apollinarie alipakua chakula kwenye sahani nne, na jioni ile nyumba yake ilikuwa na watu watatu.

Kankindi alihesabu kwa macho, akadhani shangazi yake anangojea jirani. Wageni walikuwa wawili tu, yeye na Olive, waliotoka Bwegera asubuhi ya Alhamisi juu ya pikipiki moja, wamebanana nyuma ya dereva na begi lao katikati, kuja kula raha siku tatu mjini Uvira. Olive aliita safari hiyo vakansi, na kila aliyekutana naye njiani alimwambia. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, migongo bado inauma, na samaki wa Uvira walikuwa wakiwaita. Mtoto wa Olive, Shalom, wa miaka minne, alibaki na bibi yake, mama mzazi wa Olive. Yule bibi ndiye aliyemvuta Kankindi kando kabla hawajaondoka, akamwambia, "Siku ya Mungu unirudishie mwana wangu. Ninamuacha mu mikono yako." Kankindi alicheka. Tangu shule ya msingi watu walikuwa wakimkabidhi Olive, kana kwamba Olive ni kuku asiyejua kuvuka barabara.

"Hii sahani ingine ni ya nani, shangazi?"

"Ya mwenzenu," akajibu Mama Apollinarie, mwiko mkononi. Alikuwa mjane, anaishi peke yake mtaa wa Nyamianda, na wageni kwake walikuwa sikukuu. "Si yule mwenye aliingia nyuma yenu? Nilimuonyesha bafu. Iko anaoga."

Wote watatu wakatega masikio. Kule uani, nyuma ya mabati ya bafu, maji yalikuwa yanamwagika. Hayakumwagika kama mtu anavyojimwagia, kopo kisha kimya kisha kopo. Yalimwagika bila kukatika. Na bidoni, dumu pekee lenye maji nyumbani mle, lilikuwa hapo jikoni, miguuni pa Kankindi, limejaa mpaka mdomoni.

Olive alikwenda kuangalia, akarudi akifuta mikono kwenye sketi. Hakukuta mtu. Sakafu ilikuwa imelowa, na bafu zima lilinuka matope ya ziwani, yale ya chini kabisa ambayo wavuvi huyavuta na nyavu.

"Kankindi," akasema kwa sauti ya chini. "Ni yule wa ku soko."

Sokoni mchana ule walikuwa wameona kikwembe cha kijani chenye ndege weupe, kipande cha yadi sita, na kilikuwa kimebaki hicho kimoja. Huku kwetu marafiki wakishona kikwembe kimoja si urembo peke yake. Arusini na matangani, aliyevaa kitambaa chenu ni wa kwenu: anaketi kwenye viti vyenu, anakula chakula chenu, na hakuna atakayemwuliza katoka wapi. Kankindi na Olive walikuwa wameshavaa sare hivyo mara saba au nane. Safari hii walipokikunjua wakakuta ncha ya pili imeshikwa na mwanamke mwembamba, mzuri wa sura, nywele zimelowa.

"Minye siko na muntu wa kuvaa naye," mwanamke yule akasema. Basi. Hakuomba.

Moyo wa Olive ulikuwa laini kuliko ulivyopaswa kuwa. "Vaa na shiye," akasema. "Tukate tatu." Kankindi alimfinya kiunoni, wapi! Muuzaji alikwisha kushika mkasi. Mwanamke akapokea kipande chake, akaushika mkono wa Olive na kukaa nao. "Kweli tuko watatu?" akauliza. Olive akacheka, akajibu kwamba ndiyo, wako watatu. Mkono huo ulibaki baridi mpaka jioni, na hakumwambia mtu.

Sahani ya nne haikuguswa usiku ule. Asubuhi ilikuwa tupu, imelowa.

Ijumaa saa sita walikwenda kwa Chadrack, fundi wa nguo aliyekuwa ameachiwa vipande vyao viwili. Kankindi alitaka wachukue nguo, wapande pikipiki, waondoke. Samaki wangewala siku nyingine. Chadrack aliwapokea kwa furaha, akatoa gauni la kila mmoja, akasema, "Ile ya tatu, mwenzenu aliniletea kitambaa chake jana nyuma yenu, akaja kuichukua leo asubuhi sana."

"Nani alikupa vipimo vyake?" Kankindi akauliza.

"Alisema nitumie vya mama huyu." Akamwonyesha Olive. "Nilimwambia, mama, weye uko mwembamba, itakuwa kubwa kwako. Akanijibu, nitaijaza."

Olive alikuwa nyuma ya pazia akijaribu lake. Alipotoka, Chadrack alichukua utepe wake wa kupimia, akautazama, akamtazama Olive, akautazama tena. Gauni alilompimia jana lilimning'inia mabegani kama limeanikwa kwenye kamba.

Kankindi hakungoja zaidi. Alimvuta mwenzake mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki ya kwanza, akamwambia dereva Bwegera, sasa hivi. Olive akapanda, Kankindi akapanda nyuma yake. Dereva aligeuka kuwapanga vizuri, uso ukamkunjamana.

"Mama, ninabeba wawili tu. Huyu wa katikati ashuke."

"Wa katikati nani?"

"Huyu mwenye amemushikilia mwenzako ku kiuno," dereva akasema, na papo hapo Kankindi akasikia ubaridi ukipenya gauni lake mbele, tumboni na kifuani, mahali ambapo alidhani ameegemea mgongo wa Olive. Dereva wa pili alikataa vilevile. Wa tatu alipunguza mwendo, akawatazama, akaongeza gesi. Olive akaanza kukohoa, na alichokohoa kilikuwa maji.

Kwenye zahanati muuguzi alimsikiliza mapafu, akamtundikia dripu, akasema kwa upole kwamba kifua ni kikavu na haelewi. Jioni Olive aliomba arudishwe kwa shangazi. Kufikia Jumamosi mchana, jua linawaka juu ya mabati ya Nyamianda na watoto wa jirani wanacheza mpira nje ya dirisha, Olive alikuwa anazama kitandani. Hakuna neno jingine. Alikuwa anatupa mikono kutafuta kitu cha kushika, anainua kidevu kuitafuta hewa iliyokuwa imejaa tele chumbani, anaipata kidogo, anarudi chini, macho yametoka, maji yanamchuruzika puani na masikioni na kulowesha godoro mpaka sakafuni, na kila alipopata pumzi aliitumia kuita, "Kankindi, nishike," na Kankindi alikuwa amemshika, alikuwa amemkumbatia kwa mikono miwili tangu alfajiri, lakini alivyozidi kumvuta juu ndivyo alivyosikia upande wa pili mtu mwingine, mtulivu, asiye na haraka, akimvuta chini.

Alisali sala zote alizofundishwa. Akachoma kile kikwembe, kikatoa mvuke na kukataa kushika moto. Akapiga magoti akamwomba Mungu amchukue yeye, kisha akaogopa kwamba amesikiwa.

Mama Apollinarie ndiye aliyekwenda kumleta Nyandwi. Alikuwa mwanamke wa makamo anayeanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni, magamba yamemng'ang'ania mikononi, na watu walimwendea kwa mambo ya namna hii ingawa Jumapili wangekana kanisani. Alisimama mlangoni, akanusa, akauliza swali moja.

"Mulimukosea kitu, ao mulimukaribisha?"

Kankindi akaeleza. Nyandwi akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

"Kama mungemukosea, ningemulipa, angeenda. Huyu ni wenu. Alikuwa mu maji peke yake miaka mingi, muntu amemwambia tuko watatu. Mwenye amekaribishwa hafukuzwi, mwanangu. Anataka mwenzake. Na watatu hawatadumu, anachagua mumoja na kushuka naye."

"Basi nifanye nini? Niambie. Chochote."

Nyandwi alimtoa uani. Huko akamwambia kwa kunong'ona, kinywa kikimgusa sikio, kwamba urafiki ndio mlango ulioingiliwa, na lazima mmoja kati ya wale marafiki wawili atolewe mlangoni humo. Akitolewa Olive, jini litabaki na Kankindi, nalo likiwa na mwenzake halitakuwa na haja ya kuzamisha mtu. "Utamukana, mbele yake, kwa mudomo wako. Na toka leo hautamujibu tena. Hata neno moja. Siku utamujibu, mutakuwa watatu upya, na hapo asiniite muntu."

"Nimweleze kwanza."

"Usimweleze! Akijua atakufuata kwa huruma. Huruma yake ndiyo ilileta hii yote."

Kankindi aliuma vidole. Walikuwa wamejifunza kusoma kwenye daftari moja. Olive alipojifungua Shalom, mkono uliopondwapondwa kwa kushikwa ulikuwa wa Kankindi. Mle ndani ile sauti ilikuwa inaita tena, hafifu sasa, nishike, nishike, kisha haikuita.

Akaingia. Olive alikuwa amelala macho wazi, midomo ya bluu. Kankindi akasimama miguuni pa kitanda, mbali, asije akamgusa.

"Olive," akasema. "Minye siko rafiki yako. Sikuwa. Usinitafute tena."

Olive alisikia. Hilo ndilo litakalomtesa Kankindi mpaka kaburini, kwamba alisikia na kuelewa, na uso wake ukavunjika kabla kifua hakijafunguka. Kisha akavuta pumzi ndefu, kavu, akalia kwa sauti kubwa, sauti ya mtu mzima wa afya. Kankindi akageuka kutoka. Vidole vyenye baridi vikaingia katikati ya vidole vyake, vikafumba.

Jumapili Olive alirudishwa Bwegera na Mama Apollinarie, mzima kabisa. Kankindi alifuata kwa pikipiki nyingine. Dereva alisema hawezi kubeba mtu anayelowesha kiti, lakini akambeba.

Sasa ni wiki ya tatu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani Olive anapita kwa Kankindi, anaketi kizingitini, na kuongea na mlango uliofungwa.

"Nilikukosea nini? Niambie nitubu. Kama ni ule mwanamke, minye ndiye nilimwita, ninajua. Nitukane basi. Kankindi, unitukane tu, nisikie sauti yako."

Ndani, Kankindi anakaa sakafuni, mgongo kwenye ubao, sehemu ileile ambayo Olive ameegemea upande wa pili. Anajaza kanga mdomoni. Chumba kinanuka matope. Kando yake ameketi mwanamke mwembamba mwenye gauni la kijani, linalomtosha vizuri sasa, anamsuka nywele polepole kwa vidole vyake vya maji. Ni mpole. Hajawahi kumdhuru. Anapenda tu kuzungumza.

"Mujibu, mwenzangu," anamnong'oneza. "Unamusikia vile analia? Neno moja tu. Mwambie, minye niko hapa."

Kankindi anatikisa kichwa. Machozi yanamlowesha mpaka shingoni, na vidole vile vinayapangusa.

Nje, Olive anasimama, anapangusa vumbi kwenye sketi. Leo amekuja na Shalom, na mtoto anagonga mlango kwa kiganja, anaita mama mudogo, mama mudogo, kisha anauliza kama mama mudogo amekufa.

"Hapana," Olive anamjibu, akimwinua. Halafu anauambia mlango, "Sichoki minye. Kesho nitarudi."

Mwanamke anaacha kusuka. Anauegemeza uso wake kwenye bega la Kankindi, na anatabasamu.

"Umesikia?" anasema. "Kesho atarudi."